Maswali ya Wasomaji: Vitabu vya Sauti na Nusu ya Tufani Isiyosikika

Katika toleo lililopita tulizungumzia riwaya za kale za safari na masaibu ambazo muda wake wa hakimiliki umekwisha, na ambazo sasa zinapatikana bila malipo zikiwa zimesomwa kwa sauti katika maktaba za intaneti kama LibriVox, iliyoanzishwa mwaka 2005 na inayoendeshwa na wasomaji wa kujitolea. Barua zilizofuata zilikuwa nyingi. Nimechagua nne, na ile ya Tanga nimeijibu kwa kirefu kuliko nyingine, kwa sababu imegusa jambo ambalo nimelifikiria kwa miaka mingi.

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni dereva wa lori, natoka Mombasa hadi Kampala na kurudi. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne. Nilipakua kitabu kimoja cha nyangumi nilichoambiwa ni maarufu, nikafika kama sura ya kumi nikakata tamaa. Napenda hadithi za safari ngumu na wanyama. Nianze na kipi? (Msomaji, Mombasa)

Marahaba, mwanangu. Kitabu hicho bila shaka ni *Moby-Dick* cha Herman Melville, kilichotoka mwaka 1851. Kina sura 135, na usomaji wake kamili unapita saa 20. Usijilaumu hata kidogo. Ni kitabu kikubwa kwa kila maana ya neno hilo, lakini si cha kuanzia. Kiweke kando, kitakungoja.

Anza na Jack London. *The Call of the Wild*, cha mwaka 1903, kina sura saba tu na husomwa kwa muda wa saa tatu hadi nne, yaani kinaweza kwisha kabla hujafika Nairobi. London alikwenda Klondike, kaskazini-magharibi mwa Kanada, mwaka 1897 akiwa kijana wa miaka 21, pamoja na maelfu ya watu waliokimbilia dhahabu. Dhahabu ya maana hakuipata, na mwaka uliofuata alirudi kwao akiwa na ugonjwa wa kiseyeye, lakini aliyoyaona huko yalimtosha kuandika maisha yake yote.

Mhusika wake mkuu ni mbwa aitwaye Buck, aliyekulia kwenye jua la California nyumbani kwa jaji mmoja, akaibwa na msaidizi wa mtunza bustani na kuuzwa ili akavute sleji, yaani gari la kuteleza juu ya theluji, huko kaskazini. Mwishoni mwa sura ya kwanza kuna tukio dogo ambalo nadhani litakushika. Buck anatoka kwenye meli, miguu yake inazama ndani ya kitu cheupe, laini kama tope. Anaruka nyuma. Kitu hichohicho kinaanguka kutoka angani na kumtua mgongoni. Anakinusa, anakilamba, kinamuuma ulimi kama moto, na mara kimetoweka. Anajaribu tena, inakuwa vilevile, na watu waliosimama pale wanaangua kicheko, naye anaona haya bila kujua kwa nini. Theluji ndivyo ilivyo kwa kiumbe asiyewahi kuiona, na mimi na wewe tuliokulia kwenye joto tunaingia katika nchi ile kwa mlango uleule alioingilia Buck. Hatuhitaji kuelezwa chochote zaidi.

Kisha sikiliza sura ya tatu inapofika kwenye mlio wa mbwa wa kule, ambao kila usiku, saa tatu, saa sita na saa tisa, huinua sauti zao pamoja kama wanaoimba. Mtu anayesoma kwa macho anaweza kuupita mstari huo haraka. Masikioni hauruhusu kupitwa.

Ukishamaliza hicho, tafuta hadithi fupi iitwayo *To Build a Fire*, ambayo ni ya kama robo tatu ya saa. Mtu mmoja anatembea peke yake na mbwa katika baridi ya nyuzi 75 za Fahrenheit chini ya sifuri, yaani karibu 59 chini ya sifuri kwa kipimo chetu cha Selsiasi. Mzee mwenye uzoefu alikuwa amemwonya kwamba baridi ikipita kiwango fulani mtu hasafiri peke yake, naye aliyacheka maneno hayo. Anatema mate, na mate yanalia kwa kupasuka hewani kabla hayajafika chini. Angalia kwamba London aliiandika mara mbili: ile ya mwaka 1902 iliandikiwa vijana, na mwisho wake ni tofauti na ule wa mwaka 1908. Unayoitaka ni ya 1908.

Na nikuombe jambo moja kama mzazi. Pakua na panga kila kitu kabla hujaondoka, usiiguse simu ukiwa kwenye usukani, na hiyo hadithi ya baridi iache kwa ajili ya foleni ya malori pale Malaba, lori likiwa limesimama. Inamvuta mtu mno.

Mwalimu, shikamoo. Baba yangu alikuwa baharia katika meli za mizigo kwa miaka mingi. Sasa presho ya macho imemchukulia nuru. Nilimpakulia *Typhoon* ya Joseph Conrad kwa kuwa Kiingereza alikizoea melini. Alisikiliza siku mbili bila kusema neno, kisha akakasirika. Anasema hadithi imekatwa: meli imefika katika jicho la tufani, nusu ya pili ndiyo inakuja, na ghafla jua linawaka na meli inaingia bandarini. Nimepakua tena kutoka mahali pengine, ni vilevile. Je, usomaji kamili unapatikana wapi? Anauliza pia kama vitabu hivi vya sauti vilitengenezwa kwa ajili ya watu kama yeye, au ni anasa tu ya vijana. (Msomaji, Tanga)

Marahaba, binti yangu. Nifikishie shikamoo kwa mzee, na umwambie kwamba sikio lake halikumdanganya, wala faili halikukatwa. Usomaji alionao ni kamili. Aliyeiruka nusu ya pili ya tufani ni Conrad mwenyewe.

Kwa ajili ya wasomaji wengine nieleze kisa kwa ufupi. Kitabu kilitoka mwaka 1902. Meli ya moshi iitwayo Nan-Shan imewabeba vibarua 200 wa Kichina wanaorudi kwao na masanduku yenye akiba yao ya dola za fedha. Nahodha wake, MacWhirr, ni mtu asiye na mengi ya kusema na asiyeweza kuwaza jambo ambalo halijamfika. Kipimahewa kinashuka, msaidizi wake Jukes anapendekeza wageuze omo, na kitabu cha elimu ya dhoruba kinashauri kuzunguka. MacWhirr anahesabu kwamba kuzunguka ni maili 300 za ziada na gharama ya makaa, na kwamba akiulizwa hatakuwa na la kujibu, kwa maana atasemaje kuwa amekwepa dhoruba ambayo hakuiona? Basi wanaingia ndani yake.

Mzee anajua kuliko mimi kwamba jicho la tufani si mwisho. Ni utulivu wa katikati, na baada yake upepo unarudi kutoka upande mwingine, na mara nyingi ndio unaoua. Conrad naye alilijua hilo, maana alikuwa ametumikia baharini karibu miaka 20 kabla ya kuishi kwa kalamu. Lakini sura ya tano inaishia palepale: nahodha anasema, kama mtu aliyekerwa kidogo, kwamba asingependa kuipoteza meli yake, na mwandishi anaongeza sentensi moja fupi kwamba aliepushwa na kero hiyo. Sura ya sita inafunguliwa kwa siku ya jua kali, na Nan-Shan inaingia bandari ya Fuzhou ikiwa imeganda chumvi hadi juu.

Kwa nini akafanya hivyo? Mimi naamini kwamba kufikia jicho la tufani Conrad alikuwa amekwisha kuonyesha yote ambayo dhoruba inaweza kutuambia kuhusu mtu huyu. Mwombe mzee asikilize tena mahali ambapo MacWhirr, katika ule utulivu, anaingia peke yake kwenye chumba cha ramani. Giza tupu. Rula, kalamu na kila kilichokuwa na mahali pake vimetupwa sakafuni, na jambo hilo linamchoma kuliko ngurumo yote ya usiku ule. Anawasha kiberiti, anakisoma kipimahewa, anaona kimeshuka kuliko alivyopata kukiona maishani. Kisha mkono wake unalirudisha kasha la vibiriti penye pembe yake, palepale alipolikuta kwa kupapasa, kwa sababu alikuwa amemwagiza mtumishi wa chumba kwamba likae hapo siku zote, ili mkono ulipate haraka pindi taa inapohitajika. Hakuna kingine kilichobaki mahali pake katika meli nzima. Msomaji mzuri wa sauti akifika hapo hapandishi sauti, huishusha, nawe unausikia ule mkono gizani. Sijui kama kuna mtu anayeweza kuuelewa ukurasa huo vizuri zaidi ya mtu anayetafuta vitu vyake kwa kupapasa kila siku.

Ila nusu ya pili ya tufani imo kitabuni, na mzee aliipita bila kuitambua. Imo katika sura ya sita, ndani ya barua. MacWhirr anamwandikia mkewe, na Conrad anatuambia kwamba kati ya saa kumi na saa kumi na mbili alfajiri ya tarehe 25 Desemba nahodha huyu asiyewaza aliamini kweli kwamba meli haitamaliza saa nyingine, na kwamba hatamwona tena mkewe wala watoto. Hayo yote ni sentensi moja. Na mkewe, akiwa amekaa kitini huko Uingereza, anapitisha macho juujuu katika kurasa, anazuia mwayo, na mahali hapo hapasomi. Aliyeyajua ni yule mtumishi aliyeichungulia barua mezani. Basi anayesikiliza akiwa amechoka, akidhani hadithi imekwisha na kilichobaki ni kufunga mlango, hupitwa na neno hilo kama alivyopitwa mke wa nahodha. Wengi wetu tumepitwa. Mimi nililisikia mara ya tatu.

Kuhusu swali lake la pili, jibu litamfurahisha. Vitabu hivi vilianzia kwa wasioona. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia askari wengi walirudi nyumbani Uingereza wakiwa vipofu, na kuisoma breli kwa vidole katika utu uzima ni kazi ngumu. Mmoja wao, Ian Fraser, aliyepofushwa katika mapigano ya Somme mwaka 1916, aliipigania kwa miaka mingi fikra ya kurekodi vitabu vizima kwenye sahani za santuri. Marekani ilitangulia mwaka 1934. Uingereza ikafuata mwaka 1935, kwa sahani zilizozunguka polepole kuliko zile za muziki ili upande mmoja uchukue dakika kama 25 za kusoma. Na miongoni mwa vitabu vya kwanza kabisa kutumwa kwa wasioona wa Uingereza mwaka huo kilikuwa *Typhoon*. Kwa hiyo mwambie mzee kwamba kitabu kilichomkasirisha ndicho kilichochaguliwa kwa ajili ya watu kama yeye tangu siku ya kwanza, na kwamba wale wazee wa santuri huenda nao walishtuka walipoweka sahani ya mwisho na kulikuta jua limewaka.

Unapomtafutia vingine, sikiliza dakika tano za mwanzo kabla hujampa. LibriVox ina wasomaji wa kila namna, na vitabu vingine vimegawanywa kwa wasomaji kadhaa, kila sura na sauti yake, jambo ambalo kwa mtu asiyeona linachosha. Mtafutie kinachosomwa na mtu mmoja mwanzo hadi mwisho, asiyeigiza kupita kiasi. Hasa MacWhirr hapaswi kupigiwa kelele. Conrad anasema kwamba katikati ya vishindo vyote Jukes aliisikia sauti ya nahodha ikiwa nyembamba lakini haishindiki. Msomaji anayeipayuka amekiharibu kitabu.

Mwalimu, nimemaliza vitabu vitatu kwa kusikiliza, kwa mwendo wa mara mbili ili niokoe muda. Rafiki zangu chuoni wanasema siwezi kudai kwamba nimevisoma. Je, ni kweli? (Msomaji, Bujumbura)

Si kweli, mwanangu. Huku pwani, tangu katikati ya karne ya 19, wanawake wengi wameujua Utendi wa Mwana Kupona kwa moyo pasipo kuushika mswada wake mikononi. Waliupokea kwa sikio kutoka kwa waliouimba, na hakuna aliyewaambia kwamba hawaujui. Nisingekubali mtu yeyote aniambie kwamba bibi aliyeweza kuughani ubeti kwa ubeti ameusoma pungufu ya mwanachuo aliyeupitia usiku mmoja kabla ya mtihani.

Kinachonisumbua katika barua yako ni ule mwendo wa mara mbili. Habari au mhadhara unaweza kuharakishwa. Lakini mtu wa Jack London aliyepiga magoti kwenye theluji, vidole vimekufa ganzi, akijaribu kukitoa kijiti kimoja cha kiberiti miongoni mwa vijiti 70 na kushindwa, hawezi kuharakishwa, kwa sababu kule kushindwa polepole ndiko hadithi yenyewe. Rudia kimoja tu kati ya vitatu ulivyovimaliza, kwa mwendo wa kawaida, kisha niandikie.

Mwalimu mwenzangu, hujambo. Nafundisha kidato cha pili. Nina spika ndogo na vipindi vya dakika 40. Ningependa kuwasikilizisha wanafunzi kitabu kimoja cha safari, na nikipata cha Kiswahili cha kusoma sambamba nitashukuru. (Msomaji, Dodoma)

Sijambo, mwenzangu. Chukua *Treasure Island* cha Robert Louis Stevenson. Kilitoka kama kitabu mwaka 1883, na tafsiri yake ya Kiswahili, *Kisiwa chenye Hazina*, ni ya enzi za ukoloni. Inafaa kuulizia katika maktaba za zamani. Kina sura 34, na usomaji kamili ni wa saa saba hivi, kwa hiyo sura moja ni kama dakika 12: unapata nafasi ya kuisikiliza, kuizungumzia, na hata kuirudia ndani ya kipindi kimoja. Usikubali matoleo yaliyofupishwa. Wafupishaji huacha matukio na kutupa maneno, na katika kitabu hiki tabia za watu zimo katika maneno yao.

Kitabu hiki kilisikika kabla ya kuchapishwa. Mwaka 1881, katika mvua za Uskoti, Stevenson alichora ramani ya kisiwa pamoja na mtoto wa mkewe, akaanza kuandika, na alichoandika aliwasomea watu wa nyumbani kwa sauti. Baba yake mzazi, mtu mzima na mhandisi wa minara ya taa, alinogewa hadi akaandika mwenyewe orodha ya vitu vilivyokuwamo ndani ya sanduku la yule baharia mzee, na orodha hiyo ikaingia kitabuni.

Wanafunzi watakutana mapema na Pew, kipofu, ambaye fimbo yake inasikika ikigonga barabarani kabla hajafika mlangoni. Hapo usieleze chochote, zima taa kama unaweza. Lakini sura ninayotaka uitayarishe vizuri ni ya 11. Kijana Jim ameingia ndani ya pipa la matufaha, usiku, melini, kutafuta tunda la mwisho. Mtu anakuja kukaa na kuegemea pipa. Ni Silver, mpishi mwenye mguu mmoja ambaye Jim amempenda kama mzazi, naye anamshawishi baharia kijana ajiunge na maharamia. Jim haoni kitu, anasikia tu, kama watakavyokuwa wanafunzi wako. Na kinachomchoma kwanza si ile habari ya kuuawa kwao. Ni kusikia kwamba Silver anamsifu yule kijana kwa maneno yaleyale aliyomsifia yeye, kwamba ni mdogo lakini akili yake inang'aa kama rangi mpya.

Maneno hayo Silver alimwambia Jim katika sura ya nane, siku walipokutana bandarini. Kwa hiyo siku ya sura ya nane usiwadokeze chochote, acha sifa hizo zipite na ziwafurahishe kama zilivyomfurahisha Jim. Siku ya sura ya 11 simama nyuma ya darasa, mahali unapoona vichwa vyote, na maneno hayo yanapotoka tena kwenye spika tazama ni nani atakayeinua kichwa. Kisha bonyeza kitufe cha kusimamisha kabla ya ile sauti ya mlinzi inayotangaza kwamba nchi kavu imeonekana, na umwombe huyo aliyeinua kichwa awaambie wenzake alichokisikia.